Uzi: Kuanza kusoma Biblia mwenyewe kila siku, kitabu kizima, si mistari ya kutumiwa WhatsApp

Dereva wa Maweni (mleta uzi)

Wakuu, salamu kutoka Malindi. Pale stejini kila anayekuja kuomba chenji anakiona kidaftari changu kwenye dashibodi ya tuktuk na kuuliza, wewe wasomea nini? Nasoma Biblia, basi. Swali linalofuata huwa lile lile: na mimi nikitaka kuanza, nianzie wapi? Siwezi kumjibu kila mtu abiria akiwa ameshapanda, kwa hiyo naandika hapa. Wenye kujua zaidi waongeze.

Ushauri wangu haufanani na ule wa kila Januari. Mwaka ukianza watu wanagawiwa karatasi ya ratiba, Biblia nzima kwa miezi kumi na miwili. Hesabu yake ni hii: Biblia ya Waprotestanti ina sura 1,189, kwa hiyo unatakiwa umalize sura tatu na ushei kila siku bila kukosa, hata siku ya matanga, hata siku ya malaria. Mwanzo utaupita raha mustarehe, maana ni visa vitupu, Nuhu, Abrahamu, Yusufu na ndugu zake. Kutoka nako kuna Farao na bahari. Ukifika Kutoka 25 kisa kinasimama, unaanza kusomewa vipimo vya sanduku, mapazia, vitanzi na vifungo vya hema, na mbele yako Walawi wanakungoja na sura 27 za sadaka na ukoma. Hapo ndipo Biblia nyingi hurudi kabatini, na ni Februari tu. Sura hizo zina maana yake, tena kubwa. Ila si za mtu anayeanza.

Anza na Marko. Ina sura 16, ndiyo Injili fupi kuliko zote nne, na mwandishi wake ana haraka. Hakuna habari za kuzaliwa. Sura ya kwanza haijaisha, Yesu ameshabatizwa, amejaribiwa nyikani, ameita wavuvi, ametoa pepo, amemponya mkwewe Simoni na mwenye ukoma. Na mtu wa pwani wavuvi wale hahitaji kuelezwa: vijana wamo chomboni wanatengeneza nyavu, baba yao Zebedayo yumo pamoja na watu wa mshahara, ghafla vijana wanashuka wanaondoka. Nenda ufukweni asubuhi uone mzee mwenye chombo atasema nini wanawe wakimfanyia hivyo.

Sura moja kwa siku, na usizidishe hata ukiwa na hamu. Agano Jipya lote lina sura 260. Ukisoma siku tano za wiki, wiki 52 zinakupa 260 kamili. Mwaka umeisha, Agano Jipya limeisha, na Jumamosi na Jumapili unazo za kufidia ulipokwama. Ratiba isiyokuwa na nafasi ya kukosa haimfai mtu mwenye kazi ya mikono. Kuna mchungaji wa Dundee kule Uskoti, Robert Murray M'Cheyne, aliyewatungia waumini wake ratiba mwaka 1842, Agano la Kale mara moja, Agano Jipya na Zaburi mara mbili, yote ndani ya mwaka. Inatumika mpaka leo na ni nzuri, lakini ni sura kama nne kwa siku. Iache kwanza.

Kuhusu saa, watu watakuambia alfajiri, na watakutajia Marko 1:35, Yesu alipotoka mapema sana kwenda kuomba mahali pasipokuwa na watu. Na mimi ni mtu wa alfajiri, lakini kwa sababu ya kawaida kabisa: adhana. Malindi tuko karibu na Ikweta, kwa hiyo adhana ya alfajiri haihami sana, iwe kaskazi iwe kusi, ni saa kumi na moja hivi. Simu huisha chaji, muadhini haishi. Akiadhini naamka, jirani zangu wanakwenda msikitini, mimi nafungua Marko. Fungamanisha kusoma kwako na jambo linalotokea kila siku bila wewe kulipanga. Kwa mwingine ni chai ya saa nne, kwa mwingine ni kungoja watoto watoke shule.

Kidaftari chenyewe hakina maajabu. Kila sura naandika nani anasema na nani, kisha jambo moja ambalo sikulielewa, kisha sentensi moja ya maneno yangu mwenyewe. Hilo la katikati ndilo lenye faida kuliko yote. Kurasa zimejikunja kwa unyevu wa bahari, na ule wa Marko 5 una alama ya oili ya injini, lakini swali langu lasomeka bado: kwa nini watu wa kule walimsihi Yesu aondoke, na amewaponyea mtu wao aliyekuwa akilala makaburini? Nilirudia sura polepole nikakuta nguruwe wapata elfu mbili wamezama baharini. Mtu mmoja kapona, na kuna watu mali yao yote imekwenda na maji. Hapo uamuzi wao waeleweka, ingawa haupendezi. Sijawahi kuhubiriwa hilo.

Haya, nakaribisha maswali. Matusi peleka jukwaa la siasa.

Kijana wa Muyeye

Nafuatilia. Lakini kaka, mbona mistari ya WhatsApp umeitia kwenye kichwa cha uzi halafu hukuigusa? Mimi kila asubuhi natumiwa mstari na picha ya maua. Hiyo si kusoma?

Dereva wa Maweni

Ndugu yangu, mstari si mbaya. Ubaya ni kwamba umekatwa, na aliyekukatia hukumuona. Chukua ule unaotumwa kuliko yote, Yeremia 29:11, mawazo ya amani wala si ya mabaya, kuwapa ninyi tumaini. Watumiwa kabla ya usaili wa kazi, kabla ya mtihani, kabla ya harusi. Sasa fungua sura yenyewe. Ni barua. Yeremia yuko Yerusalemu, anawaandikia watu waliochukuliwa mateka Babeli. Anawaambia wajenge nyumba huko huko, wapande bustani, waoe na kuoza, wauombee amani mji uliowateka. Aya ya 10 inasema kurudi kwao ni baada ya miaka sabini. Sabini! Wengi waliosomewa barua ile walijua watazikwa ugenini.

Rudi nyuma sura moja tu, 28. Kuna nabii mwingine anaitwa Hanania, anawaambia watu ndani ya miaka miwili kila kitu kitarudi. Wewe ungemshangilia nani? Kwa hiyo mstari uliotumwa na picha ya maua uliandikwa kuwajibu watu waliokuwa wameahidiwa mambo ya haraka haraka. Hilo hutalijua mpaka usome kilicho juu yake na kilicho chini yake.

Filipi 4:13 nao ni vivyo hivyo, nayaweza mambo yote. Utauona kwenye vioo vya matatu na kwenye jezi za mpira. Aya mbili zilizotangulia Paulo anasema amejifunza kushiba na kuona njaa, kuwa na vingi na kupungukiwa, na anayasema akiwa kifungoni. Ni maneno ya kuvumilia, si ya kushinda mechi.

Mkwezi wa Kakuyuni

Tumsifu Yesu Kristo. Mleta uzi, sisi Wakatoliki ratiba tunayo tayari, ni watu tu hawaitumii. Masomo ya misa ya kila siku yamepangwa tangu marekebisho ya 1969. Jumapili ni mzunguko wa miaka mitatu, Mwaka A tunakwenda na Mathayo, B na Marko, C na Luka, na Yohane anaingia hasa kipindi cha Pasaka. Siku za kazi somo la kwanza lina mzunguko wa miaka miwili. Kalenda ya liturujia ikining'inia ukutani, marejeo ya siku unayaona, unafungua unasoma. Kwenda misa ni nyongeza njema, lakini hata usipofika umesoma kile kile alichosoma Mkatoliki wa Manila siku hiyo.

Na kwa wanaonunua: Biblia yetu ina vitabu 73, si 66. Mkikuta Tobiti, Yudithi, Hekima, Yoshua bin Sira, Baruku na vile viwili vya Wamakabayo, msidhani mmeuziwa feki.

Kuna na njia ya zamani ya watawa. Mmonaki Mkartusi Guigo wa Pili aliipanga karne ya 12 kama ngazi yenye vidato vinne: kusoma, kutafakari, kusali, kisha kunyamaza mbele za Mungu. Mimi nafanya kwenye mnazi nikipumzika kabla ya kushuka, hasa hicho cha nne. Juu kule hakuna mtu wa kunisemesha.

Kijana wa Muyeye

Shikamoo mzee, angalia usitafakari ukasahau uko mnazini.

Mkwezi wa Kakuyuni

Marahaba mwanangu. Anayeanguka ni mwenye haraka.

Baharia wa Mkunguni

Assalaam alaykum na habari zenu. Mimi ni Muislamu, niko Lamu, nimepita tu nikaona adhana imetajwa nikasimama. Yakhe dereva, umenifurahisha, muadhini wenu ana wanafunzi asiowajua.

Nina swali lisilo na shari. Sisi Ramadhani Qurani ina juzuu thelathini, twasoma juzuu kwa siku, mwezi waisha na hitima yasomwa. Na twasoma kwa sauti. Ukipita vichochoro vya Lamu baada ya alasiri, huku wamsikia mtoto wa chuoni, kule wamsikia bibi. Jirani yangu Mkristo namuona kafungua kitabu, kimya, midomo haitikisiki, dakika mbili kasinzia. Nyinyi hamsomi kwa sauti, au ni haramu?

Dereva wa Maweni

Waalaykum salaam, karibu sana. Wala si haramu, ni sisi tu tumezoea vibaya. Tena ushahidi uko ndani ya Biblia yenyewe. Matendo 8, kuna mtu wa Kushi, mkubwa wa hazina ya malkia Kandake, yuko garini anatoka Yerusalemu akirudi kwao. Anamsoma nabii Isaya. Filipo anapiga mbio mpaka karibu na gari na *anamsikia* anasoma. Angesoma kimya Filipo angejuaje? Ndipo akamuuliza, je, yamekuelea haya unayosoma? Yule bwana akajibu, nitawezaje kuelewa mtu asiponiongoza.

Kwa hiyo wakuu, lichukueni hili la baharia: someni kwa sauti. Sauti ya chini yatosha, usiamshe mtoto. Jicho huruka maneno, ulimi hauruki. Kwenye Marko utaligundua hilo upesi, maana kila mara anasema "mara" hili, "mara" lile, na mdomo unachoka kabla ya jicho.

Mwalimu Mstaafu Barani

Hamjambo vijana. Mzee wa Lamu amenikumbusha jambo la historia lenye kufaa kutajwa. Ludwig Krapf alifika Mombasa 1844, na Juni ya mwaka huo huo akaanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Aliyekaa naye katika kazi hiyo alikuwa kadhi wa Mombasa, Sheikh Ali bin Modehin, mtu wa asili ya Barawa. Krapf mwenyewe kaandika hivyo katika kumbukumbu zake. Mwezi uliofuata mkewe Rosine akafariki, akazikwa upande wa bara, na Krapf akaendelea na kazi. Maandiko ya Kikristo yaliingia Kiswahili na kadhi akiwa amekaa kwenye meza hiyo hiyo.

Kuhusu Biblia ya kununua, wengi makanisani wanatumia Union Version ya 1952. Ina lugha nzito na tamu, na mahubiri mengi yananukuu hiyo. Kwa kijana ambaye Kiswahili chake ni cha shule, Habari Njema ni nyepesi zaidi kuanzia. Nyumbani tunazo zote mbili na ya Kigiriama, maana mke wangu akisoma Zaburi kwa Kigiriama nyumba nzima hutulia.

Neno moja la kitaaluma. Namba za sura na aya hazikuandikwa na akina Marko na Paulo. Mgawanyo wa sura tunaotumia unahusishwa na Stephen Langton, askofu mkuu wa Canterbury, mwanzoni mwa karne ya 13. Aya za Agano Jipya alizitia mchapishaji Robert Estienne mwaka 1551. Mara nyingine wamekata pabaya. 1 Wakorintho 11:1 ni mwisho wa hoja ya sura ya 10. Isaya 53, ile ya mtumishi anayeteswa, kwa kweli inaanza 52:13. Kwa hiyo ushauri wa sura moja kwa siku ni mzuri, ila kabla ya kuanza rudi aya tatu nne nyuma. Itakuchukua nusu dakika.

Mtu wa Nguzo

Nyie endeleeni. Dini ya Wareno hiyo. Vasco da Gama alitia nanga hapa 1498, nguzo yenye msalaba mpaka leo iko pale ufukweni, watalii wanapiga picha. Mwataka kutuambia nini na vitabu vya wageni?

Dereva wa Maweni

Mkuu, watalii wa kwenda nguzoni nawabeba mimi, hiyo habari naijua. Na kile kikanisa kidogo cha Wareno pia, na Francis Xavier alipita Malindi 1542 akienda India. Lakini hao hawakumwachia mtu wa Malindi kitabu cha kusoma kwa lugha yake. Walipita. Na yule mtu wa Kushi wa Matendo 8 alikuwa Mwafrika mwenye kitabu mkononi miaka karibu elfu moja na mia tano kabla ya hiyo nguzo. Soma sura hiyo halafu urudi tubishane vizuri.

Mama wa Mahamri

Mnaongea vizuri lakini ni maneno ya wanaume. Adhana ya alfajiri inanikuta nimeshaumua unga, mafuta yako jikoni, mbaazi ziko motoni. Saa kumi na mbili wateja wamejaa. Nikifunga ni watoto, nguo, chakula cha mchana. Usiku nikishika Biblia inaniangukia usoni. Nisome saa ngapi?

Dada wa Watamu

Mama yangu, sikiliza badala ya kusoma. Programu kama YouVersion na Bible.is zina Biblia ya Kiswahili ya sauti. Sehemu nyingine waweza kupakua ukiwa na bando, baadaye wasikiliza bila bando. Mimi nauza kwenye duka la shanga, mteja akikosekana navaa sikioni upande mmoja. Anza na kitabu kifupi umalize upate moyo. Ruthu ina sura 4. Yona 4. Filemoni ni sura moja ya aya 25, unaimaliza ukichambua mchele.

Mama wa Mahamri

Ruthu naijua ni ya mkwe. Nitajaribu.

Kijana wa Muyeye

Na Ufunuo je? Mimi ndio nataka kujua mnyama na 666.

Dereva wa Maweni

Ufunuo ni wa mwisho kwenye kitabu na uache uwe wa mwisho kwenye ratiba yako. Umejaa mambo ya Danieli, Ezekieli, Zekaria na mapigo ya Kutoka. Mtu ambaye hajavisoma hivyo anabaki kukisia, na anayekisia hakosi mtu wa kumuuzia majibu.

Msomaji wa Ganda

Naomba niulize jambo zito, na msinishambulie. Kwetu tuna watu walipotea Shakahola, kule msituni ambako wafuasi wa mhubiri mmoja walifunga kula mpaka kufa. Walikuwa wasomaji kuliko mimi. Biblia zao zilikuwa zimepigiwa mistari kwa kalamu nyekundu. Tangu 2023 mama yangu hataki kuona mtu amejifungia chumbani na Biblia. Sasa wewe unahimiza mtu asome peke yake. Huogopi?

Dereva wa Maweni

Pole sana, ndugu. Pole kwa mama. Nimechelewa kujibu kwa sababu swali lako si la kujibiwa katikati ya safari mbili.

Naogopa, ndiyo. Zaidi ya miili 400 ilifukuliwa katika msitu ule, na si mbali, ni mwendo tu kutoka hapa mjini. Mambo ya mahakama ni ya mahakama. Nisemee kusoma tu.

Tazama Mathayo 4. Yesu amefunga siku arobaini, ana njaa. Mjaribu anampandisha juu ya kinara cha hekalu, anamwambia ajitupe chini, na anamtolea andiko: malaika watamchukua mikononi, asije akajikwaa. Ni Zaburi ya 91, aya ya 11 na 12. Andiko ni la kweli, neno kwa neno karibu lote. Kwa hiyo kujua mistari si kinga. Shetani anaijua. Sasa ifungue Zaburi yenyewe uone aya ya 13 inavyoendelea: utawakanyaga simba na nyoka. Kaishia pazuri kwake. Nayo majibu matatu ya Yesu yote yametoka Kumbukumbu la Torati, sura ya 6 na ya 8, mahali pamoja, kana kwamba ndipo alipokuwa akisoma siku zile. Mmoja anadonoa mstari, mwingine amekaa ndani ya kitabu.

Na kufunga je? Kufunga kumo, hakuna wa kubisha. Lakini sura hiyo hiyo inasema mwishowe akaona njaa, na mwisho wake malaika wanakuja kumtumikia. Isaya 58 inamuuliza mfungaji kama amemgawia mwenye njaa mkate wake. Na 1 Timotheo 4 inaonya juu ya watu watakaozuia wenzao wasioe na kuwaamuru wajiepushe na vyakula, ambavyo Mungu aliviumba vipokewe kwa shukrani. Imeandikwa wazi, haihitaji mfasiri wa ndoto. Mtu aliyefika 1 Timotheo kwa zamu yake, sura baada ya sura, amekutana nayo kabla hajakutana na mhubiri yeyote. Anayesoma mistari aliyochaguliwa na mhubiri hataonyeshwa hiyo.

Kalamu nyekundu uliyoitaja ndiyo inayonisumbua. Mstari ule alisema nani upigwe? Kama mkono ni wako na chaguo ni la mwingine, hujasoma, umeandika imla tu.

Kuhusu kujifungia, mama yako ana haki. Mimi nasoma peke yangu lakini sibaki peke yangu. Yale maswali ya daftarini nawapelekea watu wawili, mmoja ni mzee wa kanisa letu, mwingine si wa kanisa letu kabisa. Huyo wa pili ndiye mwenye faida, maana hana sababu ya kunikubalia. Kundi lolote linalokukataza kuuliza nje, wacha, hata kama wanasoma sura kumi kwa siku. Watu wa Beroya, Matendo 17:11, walimsikiliza Paulo mwenyewe, halafu wakaenda kuyachunguza maandiko kila siku waone kama ndivyo yalivyo. Paulo hakuwatenga. Wamesifiwa.

Mwambie mama asomewe sebuleni, mlango wazi. Naye aulize.

Msomaji wa Ganda

Nimesoma. Nitamsomea hii usiku. Asante.

Baharia wa Mkunguni

Mungu awape subira wa Ganda. Hapa hata sisi wa upande wa pili twajifunza.

Mkwezi wa Kakuyuni

Nami napokea. Jumuiya ndogondogo zilianzishwa kwa ajili ya hili, majirani wasome pamoja Injili ya Jumapili ijayo. Ya kwetu ilikuwa imegeuka chama cha michango. Alhamisi hii tunaanza na somo, michango mwisho.

Kijana wa Muyeye

Kaka, nimeanza Marko. Sura ya kwanza nimeandika swali: kwa nini Yesu anamkataza yule mwenye ukoma asimwambie mtu? Mimi ningepona ningepiga live.

Dereva wa Maweni

Swali zuri, na usilijibu leo. Endelea, atawakataza tena sura ya 5, ya 7, ya 8. Ziandike zote ukurasa mmoja. Ukifika 9:9 utakuta amewawekea mpaka, mpaka lini wanyamaze. Hapo uje tuzungumze.

Mama wa Mahamri

Hodi tena. Simu nimeitia kwenye mfuko wa plastiki nikaining'iniza msumarini juu ya karai, unga hauifikii, mafuta hayairukii. Nimesikiliza Ruthu sura mbili mpaka mahamri yakaisha. Wateja wawili wakasimama kusikiliza wakasahau chenji zao, wamerudi baadaye.

Swali langu. Huyu Ruthu ni mgeni, Mmoabi, hana shamba. Anaingia shamba la watu anaokota masuke nyuma ya wavunaji na hakuna anayemfukuza. Hapa kwetu ukiokota korosho iliyoanguka shambani kwa mtu, utaitiwa chifu. Yeye ilikuwaje?

Mwalimu Mstaafu Barani

Mama, jibu liko Walawi 19, aya ya 9 na 10, na tena 23:22. Mvunaji anaamriwa asivune pembe za shamba wala asiokote yaliyobaki. Ni ya maskini na mgeni. Ruthu ni maskini, mgeni, tena mjane. Alikuwa akidai haki yake. Boazi alichoongeza ni kuwaagiza vijana wamchomolee masuke kutoka katika matita, hilo sheria haikumtaka.

Naona kitabu cha Walawi ambacho mleta uzi aliwaambia wakikwepe kimehitajika mapema.

Dereva wa Maweni

Mwalimu, nilisema si cha kuanzia. Mama ameanza na Ruthu, sasa ana sababu ya kufungua Walawi, tena ni aya mbili anazozitaka mwenyewe. Aingie hivyo.

Mama wa Mahamri

Walawi baadaye. Nimechungulia mwanzo wa sura ya 3, Naomi anamwambia binti aoge, ajipake mafuta, avae vizuri, aende kwenye kiwanja cha kupuria usiku ambako Boazi amelala. Huyu mama mkwe ana mipango! Kesho nina maswali mengi, sasa hivi unga umefura unamwagika.